Mashine Iliyojiitikia

Asubuhi ile darasa la nne la Shule ya Msingi Ilimba lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na ndani ya kimya hicho nyimbo arobaini zilikuwa zinaimbwa kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyezisikia isipokuwa wenyewe. Kila mtoto alikuwa na punje yake nyuma ya sikio la kulia, kidude cha rangi ya udongo, kisichozidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Punje ilisoma mapigo ya moyo, joto la ngozi na mikondo midogo ya umeme inayopita kichwani mtu anapofikiri. Ilipeleka habari hizo kwenye mashine iliyokaa chini ya sakafu ya ofisi ya mwalimu mkuu, na mashine hiyo, ambayo nchi nzima ilikuwa imeanza kuiita Mghani, ilitunga wimbo papo hapo. Haikutunga wimbo wa darasa. Ilitunga wimbo wa mtoto mmoja, kwa mwendo wa moyo wake, kwa somo lake la dakika ile. Aliyechoka aliimbiwa polepole. Aliyechachamaa alipewa ngoma nzito za kumtuliza. Aliyesahau somo la jana aliimbiwa tena leo kwa njia nyingine, na kesho kwa nyingine, mpaka limkae.

Mhandisi Perusi Chidawali alisimama mlangoni, mikono kifuani, akiwatazama kama mpishi anavyotazama watu wanaokula chakula chake. Alikuwa mama wa mtoto mmoja na wa mashine moja, na hakuona aibu kusema kwamba mashine ndiyo iliyomtesa zaidi kuizaa. Mtoto wake, Nyemo, alikaa safu ya pili karibu na dirisha. Nje ya dirisha hilo miavuli ya jua ilikuwa inafunguka juu ya barabara za Dodoma, mmoja baada ya mwingine, na vigari vya waya vilikuwa vinavuka kutoka kilima hadi kilima vikiwa vimejaa watu wanaokwenda kazini. Nyemo hakutazama nje. Hakumtazama hata mama yake. Alikuwa anasikiliza.

Ukutani palikuwa na kioo cha darasa, chenye mistari arobaini. Kijani kilionyesha uelewa, na nyekundu ilionyesha hofu. Ilikuwa imepita miezi bila nyekundu. Perusi alimwuliza msichana wa mbele sita mara saba ni ngapi, na jibu likatoka kabla hajafunga mdomo. Akamwuliza mwingine ini linafanya kazi gani mwilini. Mtoto akaeleza kama daktari. Perusi akatikisa kichwa, akaridhika, akaondoka. Hakuwa mtu wa kukaa mahali ambapo kazi imekwisha.

Na kazi ilikuwa imekwisha, au alidhani hivyo. Jumanne iliyofuata ingekuwa Siku ya Wazazi, mgeni rasmi angekuwa Kamishna wa Elimu, naye angempokea Mghani kwa niaba ya shule zote za msingi za nchi. Punje zote zingekusanywa Ijumaa zisafishwe na kuvikwa maganda mapya yenye rangi za taifa.

Kumtengeneza Mghani kulianza na sauti za walimu. Perusi na wenzake wa Kituo cha Elimu-Sauti walizunguka mikoani wakiwarekodi walimu hodari, ili mashine ijifunze namna somo linavyosemwa. Wakakuta ugonjwa mmoja kwa wote, kuanzia Kasulu hadi Newala. Mwalimu wa nchi hii hamalizi neno. Anasema, “Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa ju...” halafu ananyamaza, shingo ameikunja upande, na darasa zima linamalizia, “...aaa!” Anasema mji mkuu wetu ni Dodo, na watoto wanadaka ile ma kama mpira. Perusi mwenyewe alisomeshwa hivyo, na aliuchukia mtindo huo tangu akiwa na sare. Aliona ni kupoteza muda. Wanaojua wanapiga kelele, wasiojua wanafungua midomo tu, na mwalimu anaondoka akiamini wote wameelewa.

Kwa hiyo aliandika kanuni fupi katika moyo wa mashine: pengo lolote lijazwe. Mghani akianza neno, alimalize. Mtoto akinyamaza kwa muda wa pumzi moja, apewe jibu kwa sauti tamu, waendelee. Katika majaribio ya kwanza mstari mwekundu wa hofu ulishuka kama maji kwenye sinki, na wenzake wakampigia makofi. Kanuni ile wakaiita Kanuni ya Perusi. Yeye alijifanya hapendi.

Jumamosi alikuwa jikoni, viganja vimejaa unga. Kamati ya wazazi ingekuja jioni kupanga viti na maji ya wageni. Roboti ya jikoni ilikuwa imeharibika mkono tangu Pasaka, na Perusi, mtengenezaji wa mashine za taifa, hakuwa amepata nafasi ya kuitengeneza. Nyemo alikuwa mezani akimenya vitunguu.

“Nyemo, wageni saba, kila mmoja maandazi sita,” Perusi alisema. “Nikate mangapi?”

Mtoto akaacha kisu. Akainamisha kichwa upande wa kulia, taratibu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Perusi aliendelea kukanda. Alikuwa amekwisha kugeuza donge mara kadhaa alipotambua kwamba jibu halijaja.

“Mangapi?”

“Nasubiri, mama.”

“Unasubiri nini?”

Nyemo aligusa nyuma ya sikio, mahali palipokuwa wazi. “Haijaanza.”

Perusi alimwambia punje ziko kituoni, zinasafishwa, na kwamba sita mara saba amekuwa akiijibu tangu darasa la pili, basi aijibu sasa. Nyemo akajaribu. Alianza kwa kuvumisha wimbo puani, wimbo mwepesi wenye matone kama mvua ya kwanza kwenye bati, na Perusi, aliyekuwa hajawahi kuusikia ingawa mashine ilikuwa yake, akaona ni mzuri kweli. Wimbo ulipanda, ukazunguka, ukafika mahali, ukakatika. Nyemo akaanza upya. Ukakatika palepale. Mara ya tatu aliuma mdomo.

“Hapo huwa inajisemea yenyewe,” alisema.

Perusi akampa hesabu ndogo zaidi: mbili mara tatu. Mtoto akahesabu kwa vidole chini ya meza, akidhani mama yake haoni, akasema sita kwa sauti ya mtu aliyeiba.

Wakati huo Eseri wa nyumba ya pili aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Walikuwa darasa moja na Nyemo, na wote wawili walikuwa hawajawahi kupata chini ya tisini. Perusi akamwuliza swali lilelile. Kichwa cha Eseri kikalala kulia. Kilichomtia Perusi baridi hakikuwa kutojua, watoto husahau. Ni kile kichwa kulala upande uleule.

“Nendeni mkacheze,” akawaambia.

Walikwenda uani kucheza makofi, mchezo ambao wasichana wa Dodoma wamecheza tangu zama za bibi zao: mkono wa kulia kwa wa mwenzako, wa kushoto, yote miwili, magoti, kisha unarudia. Perusi aliwatazama kupitia dirishani. Mikono yao ilikuwa inapishana hewani. Mmoja alipopeleka kiganja, cha mwenzake kilikuwa bado gotini. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaanza kugombana, huyu akisema yule anawahi, yule akisema huyu anachelewa, na hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alikuwa ametembea miaka mitatu kwa mwendo wa moyo wake mwenyewe, na hakuna siku aliyoambiwa amsubiri mwenzake.

Perusi alikulia Mvumi. Mikono yake ilijua muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kabla haijajua kalamu. Katika muheme ngoma kubwa haisemi kila kitu. Inasema, inanyamaza, na ngoma ndogo zinaingia palepale ilipoacha. Mwanamke anayepiga bila kuacha nafasi huambiwa amepiga peke yake, hata kama wamesimama kumi. Shangazi zake walimwambia hivyo na kumnyang'anya ngoma mpaka alipojifunza kunyamaza. Alijua jambo hilo katika mifupa. Akaenda chuo, akapata shahada, akapata kazi, akaunda mwimbaji aliye hodari kuliko shangazi zake wote, na akasahau kumfundisha kunyamaza.

Aliuacha unga ulivyo, akatoka.

Mwalimu Sechelela aliishi mitaa miwili kutoka hapo. Alikuwa anamwagilia mchicha. Alimtazama mhandisi aliyemjia na unga hadi viwikoni, akafunga bomba, akasubiri. Perusi alimweleza kila kitu bila kupamba, kisha akamwuliza kwa nini yeye, mwalimu wa darasa, hakuona.

“Niliona,” mwalimu alisema. “Mwaka wa kwanza nilikwambia watoto hawaulizi maswali. Ukaniambia niangalie grafu. Nikaangalia. Grafu ilikuwa nzuri, nikanyamaza.”

“Ungenipigia kelele.”

“Wewe? Wewe ukiwa na namba zako mkononi husikii hata king'ora.” Akapangusa mikono kwenye kanga. “Nikwambie kitu, Mama Nyemo. Miaka mitatu sijajibiwa vibaya darasani. Hata mara moja. Mimi ni mwalimu wa namna gani?”

Jumatatu asubuhi Perusi alikuwa kituoni kabla ya Dakta Ambakisye, mkurugenzi wake. Dakta alipoingia, Perusi hakumpa hata nafasi ya kuvua koti. Dakta Ambakisye alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu muungwana, kisha akakaa na kusema kwa upole kwamba mwenye miwani havuliwi miwani ili apimwe kusoma.

“Miwani haimsomei,” Perusi alijibu.

Dakta akavua koti, akalilaza magotini. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alimweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja: kwamba kule Tukuyu walisoma mia na ishirini darasa moja, na kwamba fimbo ilikuwa inapita safu kwa safu, kila jibu baya fimbo mbili. “Mimi nilichapwa kwa sita mara saba,” alisema. “Hiyohiyo. Nilikuwa naijua, lakini nikiona fimbo naisahau. Hakuna mtoto aliyechapwa Ilimba, Perusi. Hakuna anayeogopa. Kesho ukiiondoa kanuni yako watasimama kama nguzo mbele ya wazazi wao na mbele ya Kamishna. Kituo kitafungwa, na watarudi kwenye fimbo. Hilo ndilo unalolitaka?”

“Nataka mwanangu ajue idadi ya maandazi.”

Dakta akamwomba basi angoje: makabidhiano yapite, marekebisho yafanywe baadaye. Lakini wote wawili walijua utaratibu. Mashine ya taifa ikishapokelewa hufungwa muhuri, na kubadili kanuni moja kunahitaji kamati, na kamati inahitaji kamati nyingine ya kuiteua. Nyemo angefika sekondari wakiwa bado wanatafuta tarehe ya kikao. Na kabla ya hapo watoto wa nchi nzima wangekuwa wameinamisha vichwa kulia.

Moyo wa Mghani ulifunguka hata kutoka kituoni, lakini kwa alama ya kidole kimoja tu, cha mhandisi mkuu. Dakta Ambakisye alikitazama kidole hicho kwa muda.

“Ni chako,” alisema, akatoka nje, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Perusi alifuta kanuni iliyobeba jina lake. Akaandika nyingine: Mghani aimbe nusu, anyamaze, asubiri. Mashine ikauliza isubiri kwa muda gani. Akaandika pumzi kumi. Akafuta. Akaandika ishirini. Akafuta tena, akaacha mahali pale patupu. Asubiri mpaka ajibiwe sawasawa.

Kisha akaamua kwamba punje zitabaki kituoni, ndani ya sanduku. Kesho kungekuwa na kipaza sauti kimoja na wimbo mmoja kwa watoto wote. Mashine ikauliza mwendo. Ilizoea kuupata kwenye moyo wa mtoto; sasa wimbo mmoja ulikuwa wa mioyo arobaini, na mashine haikujua ifuate upi. Perusi akaweka viganja juu ya mfuniko wa sanduku, akapiga. Mara ya kwanza mikono ilikuwa migumu. Baada ya muda ikakumbuka Mvumi, na Mghani akauchukua mwendo huo kutoka mikononi mwake.

Wakati wa chakula cha jioni alimweleza Nyemo ukweli mtupu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kueleza mambo. Kesho hakuna punje. Keshokutwa pia. Nyemo akauliza wimbo wake umekwenda wapi.

“Haupo. Ulikuwa unajibu badala yako.”

“Lakini ulikuwa unanijua,” mtoto alisema. “Baba alipoondoka ulijua.”

Baba Nyemo alikuwa fundi kwenye kituo cha mwezini, mkataba wa miaka minne. Siku aliyoondoka Perusi alirudi kazini alasiri ileile. Sasa akamsukumia mtoto bakuli la mlenda karibu zaidi.

Siku ya Wazazi ilikuwa ya upepo, kama Dodoma inavyojua. Mwavuli mkubwa wa jua ulifunguliwa juu ya uwanja wa shule, madawati yakatolewa nje, wazazi wakajaa pande tatu. Kamishna alikuwa mama mfupi mwenye macho ya haraka, aliyekataa kiti cha mapambo akaomba cha kawaida. Hotuba zikasomwa. Dakta Ambakisye alimtambulisha Mghani kwa maneno machache, machache kuliko yaliyoandikwa kwenye ratiba, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Kipaza sauti kikaanza. Kwanza ngoma, mwendo wa Perusi, mzito na wenye nafasi. Wazazi wachache wa umri mkubwa wakatikisa mabega bila kujua. Kisha sauti ya Mghani, ile tamu ambayo hakuna mtu mzima aliyekuwa ameisikia hadharani, ikapanda juu ya ngoma:

“Sita mara saba ni aro...”

Ikanyamaza. Ngoma nayo ikanyamaza.

Vichwa arobaini vikainama kulia.

Kulikuwa na kicheko upande wa wazazi, kwa kuwa lilionekana kama igizo. Kikafa chenyewe. Watoto hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wamekaa na shingo zimepinda, macho wazi, wakisubiri kujibiwa swali waliloulizwa wao. Mama mmoja akaita jina la mwanawe kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtu anayetembea usingizini. Perusi alisikia kiti cha Dakta Ambakisye kikilia. Mwalimu Sechelela, aliyesimama pembeni mwa madawati, alikuwa ameanza kufungua mdomo awasaidie. Perusi akamtikisia kichwa: acha.

Pengo halikuwa na mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliacha bila mwisho. Aliwaona wazazi wakimtafuta kwa macho, na Kamishna akiandika kitu, na upepo ukizungusha vumbi katikati ya uwanja. Alimtazama Nyemo. Hakumfanyia ishara yoyote. Kama jibu lingekuwa la kupewa, angelipata kwa mashine.

Shingo ya Nyemo ikanyooka. Midomo yake ilikuwa inatembea. Vidole vyake vilikuwa juu ya dawati, mbele ya watu wote, havikujificha.

“...baini na nane,” alisema.

Lilikuwa kosa. Wazazi walilijua mara moja, na mnong'ono ukapita kama moto kwenye nyasi. Mghani hakusema kitu. Alifundishwa kungoja jibu lililo sahihi, akangoja. Uso wa Nyemo ulikuwa umewiva kwa hofu, ile ambayo kioo cha darasa hakikuwa kimeionyesha kwa miezi. Perusi alikamata kiti kwa mikono miwili ili asiinuke.

“Siyo,” Eseri akasema kutoka safu ya nyuma. “Hiyo ni mara nane.”

Nyemo akageuka. “Umejuaje?”

“Sita mara sita thelathini na sita. Ongeza sita.” Eseri naye alikuwa anahesabu huku anasema, na alionekana kushangaa kwamba namba zinakuja. “Thelathini na saba, na nane, tisa... Mbili. Arobaini na mbili.”

“Basi mara nane ndiyo arobaini na nane. Yangu na yenyewe ipo.”

“Ipo, lakini hujaulizwa.”

Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kweli, na katikati ya kicheko hicho ngoma ikalia tena, kwa sababu Mghani alikuwa amejibiwa. Akaimba swali la pili, akaliacha nusu. Watoto watatu wakajibu, kila mmoja kwa wakati wake. La tatu likajibiwa na watoto saba. Mtu fulani akaanza kupiga dawati ili wajue pa kuingilia, na aliyekosea mwendo akapigwa kiwiko na jirani. Mwalimu Sechelela alikuwa ameikunja shingo upande, mkono sikioni, kama walimu wote waliomtangulia.

Haikuwa nzuri. Perusi hakujidanganya. Nusu ya majibu yalikuwa mabaya, watoto wawili walilia, na hadi mwisho hawakuweza kupiga makofi pamoja zaidi ya mara nne mfululizo. Lakini mara hizo nne zilisikika hadi barabarani.

Kamishna akamwita mbele. Hakupoteza muda wa salamu.

“Mhandisi, taarifa niliyoletewa inasema tisini na tano kwa mia. Hapa nimeona nusu.”

“Ile tisini na tano ilikuwa ya mashine, mheshimiwa,” Perusi alisema. “Hii nusu ni ya watoto.”

Akaeleza makosa, akataja kanuni na jina lililoibeba, na akasema ni nani aliyeifuta na lini, ili lawama isitafute mahali pengine pa kulala. Kamishna alimsikiliza huku akiwatazama watoto, ambao walikuwa wameanza kubishana juu ya sita mara tisa bila kuulizwa na mtu.

“Na ukipewa shule zote leo?”

“Nitakataa. Nipe Ilimba tu, mpaka mwakani. Wapo watakaosahau waliyokuwa wanayajua. Itabidi wajifunze tena, na watachukia.”

Dakta Ambakisye alisimama. Perusi alidhani anakuja kumpinga. “Na fimbo haitarudi,” alisema, kwa Kamishna na kwa walimu wote waliokuwa pale. “Kukosea kumerudi. Fimbo, hapana.”

Kamishna hakusaini chochote siku ile. Aliagiza muhuri urudishwe kwenye gari, akala maandazi mawili akiwa amesimama, na kabla ya kuondoka akamwambia Perusi kwamba mwakani aje na watoto, grafu aziache nyumbani.

Jioni Nyemo alikaa mezani amelipa jiko mgongo. Hakuwa na hasira ya kelele. Hiyo Perusi angeiweza. Alikuwa amenyamaza kama nyumba iliyohamwa. Majirani walikuwa wamekuja kumpongeza kwa ushujaa, naye akawapa mkono na kurudi kukaa vilevile.

Perusi aliweka sufuria motoni, akamimina mafuta, akatia vitunguu. Alijua kutengeneza sauti ya kumtuliza mtoto yeyote Tanzania, lakini yake mwenyewe hakuwa ameitumia tangu Nyemo alipokuwa wa kubebwa. Alikohoa. Akaanza ule wimbo wa matone, aliousikia mara tatu tu, vipande vipande, juu ya donge la unga. Akaupandisha pasipofaa. Akauzungusha vibaya.

“Mama,” Nyemo alisema bila kugeuka, “hujui kuimba.”

“Najua kwamba sijui.”

Akaendelea. Wimbo ukafika mahali pale ulipokuwa ukikatika. Perusi akanyamaza, mwiko mkononi, akasubiri. Vitunguu vikabadilika rangi. Vikaanza kunukia, kisha vikaanza kuungua pembeni, na moshi mwembamba ukapanda kuelekea dirishani. Mkono wake ulitaka kusogea. Akauzuia. Vitunguu vingine vilikuwepo.

Nyuma yake kiti kikasogezwa, na Nyemo akavuta pumzi ya kuimba.